Kidogo ya Mjomba

Kitasa kilikuwa kipya. Ufunguo wangu uliingia nusu, ukagoma. Nyuma yangu, ndani ya gari la mizigo, mama alikaa mbele pamoja na dereva, magoti yamefungwa bandeji, akisubiri chumba cha chini nilichomwahidi. Kule tulikotoka, ghorofa ya juu kabisa, ngazi zilikuwa zimemfanya mfungwa, na asubuhi ile tulikuwa tumeshakabidhi chumba.

Mlango ulifunguka kwa upana wa kichwa cha Mjomba, mdogo wake mama.

"Nani anachokoachokoa mlango wa watu?"

"Ni mimi, Mjomba. Shikamoo."

"Shikamoo yako kaa nayo. Mtu haji kwa watu bila kupiga simu."

Nyumba ile niliinunua kwa uangalifu. Hakuna aliyenifundisha, nilisoma, nikauliza. Nilikwenda kuitazama mvua ikinyesha, maana juani kila paa ni zima. Nilifungua mabomba yote kwa pamoja, nikafuata maji machafu mpaka shimoni. Hati niliihakiki ofisi ya ardhi, na mipaka nikaitembea na majirani wa pande zote, kila mmoja akionyesha kwa kidole chake. Bado namshauri hivyo kila anayeniuliza. Sikujua tu kwamba kuna neno la kuogopwa kuliko ufa wa ukuta: kidogo. Wakati mafundi wanabadilisha mabati, nilimwambia Mjomba akae kidogo, alinde vifaa. Mpangaji ningemwandikia mkataba. Mjomba nilimpa ufunguo na godoro.

"Mafundi wameshamaliza, Mjomba," nilisema.

"Hongera zao."

"Tulisema ukae kidogo."

"Ndiyo. Kidogo yangu haijaisha." Alicheka peke yake. "Au tuliandikishana? Lete karatasi tusome. Huna! Mwenye nyumba mzima, suruali imepigwa pasi, karatasi hana!"

"Mama yuko kwenye gari."

"Mrudishe alikotoka. Hapa nitolewe na mahakama, si na mtoto niliyemfuta kamasi."

Sauti yangu haikupanda, haijawahi. Ila mkono wangu ulikuwa tayari umeushika mlango, na wa kwake upande wa pili, kila mmoja akisukuma.

Mama alikuwa amesikia. Alishuka akijishikilia kwenye gari, kisha ukutani, hatua fupifupi, dereva akimfuata kwa mikono mitupu asijue pa kumshika. Alipofika alinisogeza kando.

"Hodi," alisema.

Mazoea ni kitu kibaya. "Karibu, dada," Mjomba akajibu.

Mama hakusogea. "Karibu kwa nani?"

Mjomba alifungua kinywa. Majirani walikuwa wameshatoka vibarazani. Neno lilikuwa moja tu, fupi, na kunitamkia mimi angeliweza siku nzima. Alimtazama dada yake usoni, akatazama magoti, akauachia mlango.

Alikusanya vitu vyake akituapiza sisi, mabati na mafundi. "Endelea kuzaa mapolisi wa kufukuza ndugu, dada," alisema akipita, godoro langu kichwani. Sikumdai.

Mjomba alipanga chumba nyumba ya mkabala, ng'ambo ya barabara, mlango wake ukitazama dirisha la mama. Wiki hiyohiyo mama aliniita nihamishie kitanda chake upande wa uani. Nilimwambia kule ni giza, dirisha zuri ni hili la barabarani.

"Najua," alisema. "Hamisha."