Hacheki Huyo

Siku pasi kubwa ya hoteli ilipomla wifi yake mkono, Cheko alitabasamu.

Hilo halikuwa na ubishi, maana wifi mwenyewe alimwona. Alikuwa amebanwa kuanzia vidole hadi karibu na kiwiko, mvuke unatoka pamoja na moshi wa ngozi yake. Akainua macho kutafuta msaada, na uso wa kwanza aliokutana nao ulikuwa wa Cheko, mdomo wazi, meno yote nje, kama mtu aliyeletewa posa. Kwamba ni Cheko huyohuyo aliyeirukia swichi akaizima, akamburuta hadi kwenye bomba la maji na kumshikilia pale mpaka gari likapatikana, hayo wifi hakuyaweka moyoni. Alichotoka nacho hospitali ni bandeji na yale meno.

Cheko halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na watu, na lilimkaa kiasi kwamba hata mlinzi wa getini hakujua lingine. Na kama kuna mtu anadhani jina lile lilitokana na furaha, basi hakumjua mama yake.

Mama yake alikuwa mpishi, yaya na dobi katika nyumba ya wenyewe, kazi tatu kwa ujira wa moja, na binti alikwenda naye kwa kuwa hakukuwa na wa kumwachia. Mwenye nyumba, mama mmoja mwenye pete za kutosha vidole vya watu wawili, hakuweza kuvumilia mtoto aliyenuna. Alisema kununa kwa mtoto wa mtumishi ni dalili ya jeuri inayokuja, na jeuri hukatwa ikiwa changa. Kwa hiyo kila sauti ya mwenye nyumba ilipopanda, mama alimfinya binti yake paja kwa chinichini na kumnong'oneza: onyesha meno. Jagi limevunjika, onyesha meno. Mama anatukanwa mbele ya wageni, anaitwa mwizi wa sukari, onyesha meno. Ikafika wakati mtoto hakuhitaji kufinywa. Sauti ikipanda tu, midomo inajifungua yenyewe.

Shuleni ikawa balaa. Mwalimu alimchapa kwa kuchelewa, kisha akamchapa kwa kumcheka mwalimu, na kadiri fimbo zilivyozidi ndivyo meno yalivyozidi, mpaka mwalimu akachoka na kumwita kichaa. Kwenye mazishi ya mama yake, shangazi zake walimvuta nyuma ya umati na kumfunika mtandio hadi puani. Wengine hurithi shamba, wengine nyumba. Cheko alirithi hofu ya mama yake, ikiwa imevalishwa sura ya furaha ili wakubwa wasiudhike.

Hoteli, kwa upande wake, iliijua thamani ya sura ile. Wageni wakubwa walipokuja kukagua, meneja aliwateremsha mpaka chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo, mahali ambapo joto la mapipa ya kufulia na mapasi linamfanya mtu aloe kabla hajagusa maji. Aliwapitisha haraka kwa wengine wote na kuwasimamisha mbele ya Cheko. Mwoneni huyu, alikuwa akisema, watu wetu wana raha na kazi yao. Na Cheko, aliyekuwa anamwogopa meneja kuliko alivyoogopa radi, alizidi kung'ara. Kuna mwaka, kabla wifi hajaajiriwa pale, wafanyakazi walipanda juu kwa pamoja kudai feni. Meneja aliwasikiliza, akatazama nyuso moja baada ya nyingine, akamfikia Cheko. Akauliza kwa upole: kama kuna joto kiasi hicho, mbona mwenzenu anacheka? Walishuka bila feni. Kwa muda mrefu baada ya hapo hakuna aliyemwekea Cheko nafasi kwenye benchi la chakula cha mchana. Alikula amesimama, akitabasamu.

Sasa kuhusu ile pasi, mashine ya rola za moto zinazovuta shuka na kuzinyoosha. Mbele yake kulikuwa na ubao wa chuma wa usalama: mkono ukiugusa tu, mashine inasimama. Ubao ule ulikuwa mzee, ukigutuka hata kwa mkunjo wa shuka, na kila mashine iliposimama kazi ililala. Asubuhi moja kabla ya wenzake kufika, Cheko alimkuta msimamizi amepiga magoti, anaufunga ubao kwa waya ili usisogee tena. Msimamizi alimwambia kwamba shuka za vyumba vya juu zinasubiriwa, na kwamba yeye Cheko hakuona kitu. Cheko akatabasamu. Msimamizi akachukua tabasamu lile kuwa ni sawa bosi.

Baada ya ajali waya ulitoweka. Ubao ukasogea tena kama kawaida, na msimamizi akatoa maelezo kwamba mfanyakazi alikuwa akipiga soga badala ya kutazama kazi. Wifi aliambiwa hoteli haigharimii uzembe. Daktari alikuwa ameshasema wazi kwamba ngozi ya kiganja inavuta, vidole vimeanza kujikunja, na pasipo upasuaji wa karibuni mkono ule utabaki ngumi maisha yake yote. Mtu pekee aliyeuona waya ukifungwa alikuwa Cheko.

Walikaa nyumba moja. Cheko alikuwa na chumba cha uani kwa kaka yake, na wifi ndiye mke wa kaka huyo. Kabla ya ajali walikuwa chanda na pete: walikwenda kazini pamoja, walirudi pamoja, waliazimana viatu. Baada ya ajali wifi hakumsemesha. Aliisemesha sufuria. Aliiambia sufuria kwamba siku hizi kuna watu ukiungua wao wanaona sinema. Aliuambia ufagio kwamba damu ya mtu huijui mpaka uone anacheka nini. Cheko alikaa upande wa pili wa ukuta akasikia yote, na alipojigusa midomo kwa vidole alikuta imefunguka.

Kaka ndiye aliyevunja ukimya. Alikuwa fundi viatu, mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyatoa huku misumari ikiwa mdomoni. Alimwambia dada yake, ambaye alishamdokezea habari ya waya, kwamba meneja amekubali kuwasikiliza, kikao ni keshokutwa, na kila kitu kinategemea yeye. Je, atasema? Cheko akajibu kwamba atasema, hata kama watamla nyama. Lakini alijibu hivyo huku anatabasamu, na kaka akaitoa misumari mdomoni.

"Dada, ukienda na uso huo wataniulia mke wangu mara ya pili. Huwezi kununa hata kidogo?"

Wakajaribu. Kaka alishika kioo, Cheko akajitahidi kununa. Alipouma mashavu kwa ndani alionekana kama mtu mwenye jino bovu. Alipokunja uso alionekana anatafuta kupiga chafya. Kaka alijikaza kisabuni, mwisho akashindwa, akaangua kicheko, na Cheko naye akacheka, kicheko cha kweli cha tumboni, ambacho hakikufanana hata kidogo na lile tabasamu. Midomo yake ilipocheka kweli ilikwenda upande, macho yakafumba. Kaka alinyamaza ghafla akamtazama dada yake kama mgeni. Walikuwa wamekua kwenye nyumba moja na hakuwa amewahi kuona tofauti.

Siku ya kikao walipanda juu kwa ngazi za nyuma, kwa kuwa lifti ni ya wageni. Ofisi ya meneja ilikuwa na baridi ya kiyoyozi, na zulia lililomeza nyayo hata mtu asijisikie anatembea. Meneja alikaa nyuma ya meza, msimamizi kando yake, miguu kaikutanisha kama mwanafunzi mzuri. Wifi alipewa benchi karibu na mlango, mkono ukining'inia kwenye kitambaa shingoni. Cheko alisimamishwa katikati, akiwatazama wakubwa.

Meneja hakufoka. Angefoka pengine ingekuwa nafuu. Alimwita mwanangu, ingawa walilingana umri, akamwambia aseme alichokiona bila woga. Cheko akafungua mdomo, na kabla neno halijatoka yale meno yakawa yameshafika. Alisema kuhusu asubuhi ile. Alisema kuhusu waya. Alisikia sauti yake ikitoka nyembamba, ikiruka maneno, kwa sababu kila alipoona macho ya meneja yakishuka kutoka machoni pake hadi mdomoni, lile tabasamu lilizidi kupanuka, na kadiri lilivyopanuka ndivyo alivyosahau alichotaka kusema. Mkono uliungua, alisema, akitabasamu. Nyama ilinuka, alisema, mdomo umefika masikioni.

Msimamizi aliegemea kiti. Akasema taratibu, kwa sauti ya mtu anayeona aibu kwa niaba ya mwenzake, kwamba wote wanamjua Cheko, ni mtu wa utani, huenda wametumana kifamilia. Meneja akamuuliza Cheko kama jambo hili analiona la kuchekesha.

Kwenye benchi, wifi aligeuza uso akatazama ukuta.

Ndipo Cheko akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu azaliwe. Aliwageuzia wakubwa mgongo. Hakuomba ruhusa. Aligeuka mzima, visigino vikiwa upande wa meza, akabaki anatazama mlango, na meneja akalisema jina lake mara mbili kama mtu anayemwita mbwa aliyetoka nje ya uzio.

Kule alikogeukia hakukuwa na mkubwa yeyote wa kumfurahisha. Sauti ikashuka ikakaa mahali pake. Akasimulia upya, tangu mlango wa chumba cha kufulia ulivyokuwa nusu wazi, msimamizi alivyopiga magoti na koleo mkononi, alivyomwambia kwamba hakuona kitu, waya ulivyokuwa wa rangi ya shaba na ncha yake ilivyokunjwa ndani isichane shuka za wageni. Isichane shuka, akarudia. Akasema jinsi mashine ilivyomvuta wifi yake, na ubao usisogee, na yeye akaona usivyosogea na akajua kwa nini. Maneno yalitoka mazito, moja baada ya jingine, na nyuma yake kiti cha msimamizi kililia.

Lakini uso haukuwa umebadilika. Meza ilikuwa imesikia sauti bila kuona uso. Wifi, aliyekuwa ameacha kutazama ukuta, alikuwa na vyote viwili mbele yake: maneno yale, na meno yaleyale ya siku ile. Safari hii hakuwa na moto mkononi wa kumfanya atazame kwa haraka. Aliona midomo ilivyovutwa kwa nguvu mpaka ikawa myeupe. Aliona mishipa ya shingo imesimama. Aliona macho, ambayo hayakuwamo kabisa kwenye kicheko kile, na machozi yaliyokuwa yakishuka na kupita pembeni ya meno bila meno kuwa na habari.

Meneja akaamuru Cheko ageuke. Sauti sasa ilikuwa imepanda. Cheko akageuka, na tabasamu likaja mbele yake kama taa.

Meneja akanyoosha mkono kumwonyesha msimamizi, kumwonyesha wifi, kuionyesha ofisi nzima. "Tazameni wenyewe. Mtu anayesema kweli katika jambo kama hili anaweza kucheka hivi?"

Wifi alisimama. Mkono wenye bandeji ulimpa shida kuinuka, lakini hakungoja kusaidiwa.

"Hacheki huyo," alisema. "Anakuogopa. Miaka yote hii unamwonyesha kwa wageni wako, alikuwa anakuogopa."

Msimamizi aliangalia viatu vyake. Meneja alimtazama Cheko, na pengine kwa mara ya kwanza aliutazama uso ule kama uso, kwa sababu alikunja shingo kidogo, kama mtu aliyegundua picha ya ukutani kwake imetundikwa kichwa chini. Kisha akajikumbuka. Akachukua kalamu, akaiweka, akatoa uamuzi wake kwa sauti ya kawaida. Hospitali italipwa, alisema, kwa huruma ya hoteli na si kwa sababu hoteli ina kosa lolote, na upasuaji ufanyike mapema. Msimamizi abaki kidogo, wana mazungumzo. Ama huyu mwingine, aliyempa uongozi mgongo ndani ya ofisi ya uongozi, akabidhi sare leo. Hoteli inataka watu wenye heshima.

Hivyo ndivyo wanavyofanya, na wamefanya hivyo tangu enzi za yule mwenye pete: ukweli wanauchukua, aliyeuleta wanamtupa nje.

Walishuka kwa ngazi za nyuma. Kwenye chumba cha kufulia wenzao waliacha kazi wakatazama. Cheko alivua koti la kazi, akalikunja kama anavyokunja shuka, pembe kwa pembe, akaliacha juu ya meza. Mmoja aliuliza kumekuwaje huko juu, na kabla Cheko hajajibu, wifi alijibu kwa niaba yake, akaeleza kila kitu, pamoja na suala la feni la mwaka ule, ambalo hakuna aliyemuuliza. Mama mmoja wa mapipa alikaa chini polepole akajifunika uso kwa aproni.

Kaka alikuwa anangoja nje ya geti, kwa sababu mlinzi alimkatalia kuingia na viatu vyake vilivyojaa gundi ya kazi. Alimwona dada yake akitoka anang'aa, meno nje, akadhani ni habari njema, akaanza kunyanyua mikono.

"Ishushe," wifi akamwambia. "Wamemfukuza kwa ajili yangu. Na wewe usimtazame mdomo. Mshike mkono."

Akaushika. Ulikuwa unatetemeka kama mashine inayokaribia kuzimika, na Cheko, katikati ya mtaa, mbele ya watu waliokuwa wakipita na kumrudishia tabasamu, alimwomba kaka yake asiuachie.