Tundu Moja la Redio

Kituo cha maji ninachokilinda kiko juu ya kilima, ng'ambo ya Masii. Kila jioni nilipima maji ya tangi na kuvitaja vipimo kwa redio ya mawasiliano, na Mueni, aliyekaa ofisini Machakos, akaviandika. Kazi ilikuwa hiyo tu. Lakini tukishamaliza maji tulizungumza mengine: mvua, goti langu, marehemu mume wake, marehemu mke wangu. Kwa miaka yote hiyo hatukuwahi kuonana, na bado hakuna aliyenijua kumshinda.

Mwaka 2003 ofisi ikaleta modemu, chombo cha kutuma vipimo chenyewe kwa redio. Fundi Abdiwahab alipanda nayo kilimani, kisanduku cha chuma kidogo kuliko Biblia yangu, na nikakichukia hata kabla hakijawashwa. Akaunganisha waya mmoja kwenye kipimo cha tangi, kisha akaigeukia redio. Nikamwuliza mimi nitaongea kupitia wapi.

"Mzee, hii redio iko na tundu moja tu," akasema. "Ni modemu ama ni wewe. Hii ikiwa ndani, huwezi ongea na huwezi sikia mtu."

Akachomoa kipaza sauti changu na kukitia kwenye droo. Mueni alikuwa ametoka kwenda kula, hata kwaheri sikumpa.

Stima ya huku hupotea bila kuaga, kwa hiyo Abdiwahab akaweka na betri na chaja yake. Akanifundisha jinsi ya kuijaribu: kila mwisho wa mwezi nizime stima, niangalie kama betri inashika, halafu nichomoe modemu, nichomeke kipaza sauti na kuuliza ofisi kama vipimo vilifika. Nilimfanya arudie maelezo yote. Nilikuwa nimeelewa tangu mwanzo, ila nilitaka kuwa na hakika kwamba naruhusiwa.

Mwezi ule ulijikokota. Modemu ilipepesa taa zake na kutuma namba zake, wala haikuuliza goti linaendeleaje. Nilikuwa mpweke, tena mpweke wa kuongea na mbuzi. Nikaamua nikimpata Mueni nitamwomba aje siku ya soko Masii, tunywe chai, hatimaye tuonane. Nikafanya mazoezi ya maneno hayo, mzee mzima, mbuzi wakinitazama.

Siku ilipofika nikanyoa ndevu, utadhani redio ina macho. Nikazima stima, na betri ikashika barabara. Nikachomoa modemu, nikachomeka kipaza sauti, nikaita.

Aliyeitika alikuwa kijana, akasema anaitwa Justus. Vipimo vyote vilikuwa vimefika. Nikamwuliza Mueni yuko wapi. Akanieleza kwamba aliachishwa kazi wiki ileile modemu ilipoingia, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupokea vipimo na sasa vinajileta vyenyewe. Alikuwa amehamia kwa jamaa zake pwani, na pale ofisini hakuna aliyejua ni wapi hasa.

"Lakini alikutafuta, mzee," Justus akasema. "Siku yake ya mwisho alikaa hapa kwa redio akikuita, Nzomo, Nzomo, mpaka tukafunga ofisi. Kwani hukumsikia?"

Nikamwambia sikumsikia.

Kisha akauliza kama betri ilishika. Nikamwambia ilishika.