Pikipiki Zilizovimbiwa

Tugiyem hakuwa na cheti. Hakuwa na karakana ya kuta nne, ila bati lililoegemea banda la mbolea. Hakuwa na ovaroli yenye jina kifuani, wala mume wa kumsemea mikutanoni. Hakuwa hata na jeti mpya za kabureta. Jeti kuukuu aliziziba kwa risasi ya kulehemu, kisha akazitoboa upya kwa waya wa gitaa, tundu jembamba la kupitisha mafuta kiasi alichotaka yeye.

Hata hivyo, kwa miaka kumi na tisa pikipiki za ushirika wa viazi wa Karangsewu zilipanda miteremko ya nyanda za juu za Dieng kwa mkono wake. Msimu huu ushirika ulimpokonya kazi hiyo ukampa Anggoro, kijana wa mjini mwenye vyeti vitatu.

Anggoro alizishusha pikipiki zote kumi na mbili bondeni kwenye karakana yake, akazirudisha zikinguruma kwa upole. Siku ya kwanza ya mavuno zikapakiwa magunia matatu matatu. Hakuna hata moja iliyofika barabara ya juu. Zilikohoa, zikatema moshi mweusi, zikazimika katikati ya kilima. Viazi vikabaki shambani na mawingu yameshatanda.

"Zina njaa," alisema Anggoro. "Zinahitaji mafuta zaidi." Akafunga jeti kubwa. Zikazimika mapema zaidi.

Tugiyem alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba, buti za mpira miguuni.

"Hazina njaa, Mas," alisema, kwa neno la heshima la kumwitia kijana. "Zimevimbiwa."

Wachimbaji wa viazi wakaangua kicheko.

"Mama, hii si mjukuu wako," Anggoro alisema. "Kabureta ina kipimo chake kitabuni."

"Kitabu chako kiliwahi kupanda huku? Mbona wewe mwenyewe unahema, na hujabeba hata kiazi?"

Kicheko kikahamia upande wa pili. Kweli Anggoro alikuwa anahema.

"Hewa ya huku ni nyepesi," Tugiyem aliendelea. "Umezilisha mafuta ya kipimo cha bondeni kwenye hewa ya mlimani. Zitaacha kukabwa?"

Akachukua pikipiki moja, akaifungia jeti ya tundu dogo, akaishusha sindano ya kabureta mkato mmoja ili ipunguze mafuta. "Pakieni."

"Si tuisikilize kwanza ikiwa tupu?" aliuliza Anggoro.

"Tupu hata mimi ninapanda."

Akaipandisha na magunia yake, mafuta yamefunguliwa yote, mpaka penye mwinuko mkali kabisa. Hapo hapo akaizima ghafla, akafungua plagi kwa spana na kuishika kwa kitambaa. Nyeusi bado, mafuta yamezidi. Akateremka, akaiziba jeti, akatoboa tundu jembamba zaidi, akapanda tena. Safari hii plagi ilitoka na rangi ya chai, na pikipiki ikafika juu bila kukohoa. Kesho yake jioni zote kumi na mbili zilikuwa zinapanda.

Wiryo, mwenyekiti wa ushirika, akaja na karatasi.

"Umetuokoa, dada. Tumekubaliana uwe msaidizi wa Mas Anggoro. Wewe unatengeneza, yeye anasaini. Ofisi inataka jina lenye cheti."

"Na zikizimika?"

"Ah, hapo tutakuita wewe."

"Kwa hiyo lawama zangu, jina lake."

"Usiwe mgumu hivyo! Ni karatasi tu."

"Kama ni karatasi tu, Pak Wiryo, andikeni langu."

Mwenyekiti akaguna, akamwachia karatasi aiwekee sahihi. Tugiyem akaigeuza, akaandika nyuma yake:

"Kwa Mwenyekiti na wanachama wote. Sitakuwa msaidizi kwenye kazi ninayoiweza peke yangu. Leo pikipiki zenu ni nzima. Zikikohoa tena, mwiteni anayesaini. Mkinitaka mimi, andikeni daftarini: Fundi Mkuu, Tugiyem wa Karangsewu, na jina hilo lisomwe kwa sauti mkutanoni. Ofisi ikidai mtihani, iulete huku juu, pamoja na magunia."

Aliisoma mara mbili. Alitafuta mahali pa kuweka neno "samahani," asipaone.

Akaitia karatasi ndani ya bahasha, akachota punje za wali sufuriani ziwe gundi, akazisaga kwa kidole gumba kwenye mkunjo wa bahasha, akaibana mpaka ikashika. Lori la kabichi likaja likiteremka kwenda mjini, iliko ofisi ya ushirika. Tugiyem akasimama katikati ya barabara mpaka likasimama, akamkabidhi dereva bahasha mkononi.