Piko Baada ya Eda

Nilianza kuota mvi nikiwa na miaka thelathini na tatu, na tangu siku hiyo sikuzipa nafasi hata ya kusalimia. Kila baada ya wiki tatu nilikoroga piko kwenye bakuli la plastiki, nikajipaka mafuta ya mgando kwenye paji la uso ili rangi isishike ngozi, nikafunga nailoni kichwani na kuendelea kupika. Wapo wanaosema mvi ni heshima. Wazichukue. Mimi nauza madera pale Kilwa Masoko, na heshima yangu naitafuta kwa jasho.

Kisha mume wangu, Dadi, akafariki, nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi. Anayeijua eda yetu anajua: hutoki ovyo, huvai nguo za kung'aa, hupaki wanja wala manukato, na piko huligusi. Sikulalamika. Kwa Dadi ningekaa hata mwaka. Lakini nywele hazikai eda, zenyewe zinaota tu. Siku niliyotoka, wanawake waliponiogesha, kichwa kilikuwa cheupe chini na cheusi nchani, kama kunguru. Nikachukua mkasi nikazikata zile ncha zote. Zikabaki nywele fupi, nyeupe kichwa kizima. Nikajitazama kwenye kioo, nikasema basi, na iwe.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa kwenda Kiswere kumwona mama. Mama ana miaka themanini na ushei, na akili yake siku hizi inakuja na kuondoka. Anatunzwa na mdogo wangu, Nusaiba. Miezi yote ile sikumtia machoni, maana yeye safari haziwezi na mimi nilikuwa ndani. Kwenye simu alinijua siku moja, akanipotea siku tatu. Nikajipa moyo kwamba akiniona uso kwa uso atanijua. Mimi ndiye kifunguamimba wake.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka ukumbini, anachambua mchele. Nikavua mtandio kwa sababu ya joto, nikapiga magoti mbele yake. Kabla sijafungua mdomo, mama akaweka ungo chini.

"Shikamoo, mama," akaniambia.

Mama yangu mzazi ananiamkia mimi.

"Mama, ni mimi, Mastura."

"Mchele nauchambua," alisema, sauti imekuwa ndogo. "Maji bado. Nakwenda kuchota sasa hivi, mama, usikasirike."

Akaanza kuhangaika kuinuka, na miguu ile isiyo na nguvu, anatafuta ndoo ambayo haipo. Nusaiba akatoka jikoni mbio, akamshika na kumkalisha. Kisha akaninong'oneza, "Dada, anaona wewe ni bibi. Si wanasema bibi alikuwa na mvi kichwa kizima, kama hivyo ulivyo?"

Bibi yetu mzaa mama alikufa mimi nikiwa natambaa. Nasikia alikuwa mkali. Sasa mama alikuwa ananitazama kwa woga, anasubiri, maana kwetu mtoto asiyeitikiwa shikamoo yake anajua ana makosa. Nilitaka nimwitikie apate kutulia. Nilishindwa. Ulimi wa kumwambia mama yangu marahaba sikupewa. Akabaki na woga wake mpaka nilipoondoka, na mimi nikalia kwenye bodaboda, nikalia na kwenye basi. Kufiwa na mume nilikuwa nimeshafiwa. Sikuwa tayari kuwa yatima wa mama aliye hai.

Asubuhi nikaenda saluni kwa Rosalia. Nyumbani nisingeweza kujipaka, mawifi zangu walikuwa bado hawajaondoka, na mawifi wana macho. Rosalia ni mtu wa bara, mcheshi, mikono yake myepesi. Aliponisikia nataka piko, tena jeusi kabisa, akaangua kicheko.

"Umetoka eda wiki hii hii, dada yangu. Nani huyo?"

"Mwanamke," nikamjibu. "Ana miaka themanini."

Nikamweleza yote. Akaacha utani. Alivaa glovu, akakoroga piko likawa zito, akaanza kunipaka kwa mswaki wa zamani, mstari kwa mstari, hakuruka hata unywele mmoja. Nilipokwisha kuoshwa akaniuliza, "Mama yako alikuzoea umesuka nini?"

"Twende kilioni."

"Hizi fupi," alisema, akazipima kwa vidole. "Lakini zitashikika." Akazisuka hivyo hivyo, akizivuta mpaka machozi yakanitoka.

Niliporudi nyumbani, wifi yangu Fauzia alikuwa anafagia uani. Alinitazama kichwa, akasimamisha ufagio.

"Siku tano tu, Mastura? Kaburi la kaka yangu hata halijakauka."

Ningeweza kumweleza. Fauzia si mtu mbaya, na alimpenda kaka yake. Lakini hasira ilinipanda, nikapita kimya nikaingia ndani. Mimi nina ubaya huo, nikionewa sijitetei, nanuna. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa umeshaambiwa kwamba mjane wa Dadi anatafuta mume. Iliniuma, kwa sababu jambo la mume ndilo sikuwa nalo kabisa moyoni.

Ijumaa nikarudi Kiswere. Safari hii nilivua mtandio nikiwa bado mlangoni, ili aanze kuziona nywele. Mama aliinua uso, akanitazama kwa muda.

"Mastura," alisema. "Mbona umekonda hivyo, mwanangu?"

Sikumbuki hata kama nilimwamkia. Nilikaa mkekani nikamlalia mapajani, mtu mzima wa miaka hamsini na moja, naye akawa ananipapasa ile misuko huku akilalamika kwamba aliyenisuka amekaza mno. Nilifurahi. Sina neno jingine la kuongeza hapo.

"Na Dadi?" akauliza. "Umemwacha wapi?"

Mkono wake ulikuwa bado kichwani kwangu. Nusaiba alisimama kwenye mlango wa jiko, ameshika mwiko, akanitikisia kichwa taratibu. Alikwisha kumwambia mara tatu, na mara zote tatu mama alilia kama mtu anayeupokea msiba kwa mara ya kwanza, mpaka Nusaiba akaapa hasemi tena. Hapo nikaelewa nilichojipaka. Mastura anayemjua mama ni yule mwenye nywele nyeusi, na yule ana mume.

Uongo siupendi, na kumsemea marehemu ni jambo la kuogopesha.

"Nimemwacha Masoko," nikasema. "Hajambo. Anakuamkia."

"Marahaba," mama akaitikia, uso umemchangamka. "Bado anagombana na chumvi?"

"Bado. Juzi tu kasema mchuzi wangu hauna ladha."

Mama akacheka. Akasema ukoo wao wote ndivyo walivyo, hawashibi chumvi. Akataka nimweleze kila kitu, anakula vizuri, analala vizuri, lile jino lake linamsumbua bado. Nikamjibu yote. Jino limepona. Usingizi anao. Tangu afe, jina lake halikuwahi kutoka kinywani mwangu bila neno marehemu mbele yake, na sasa nilikuwa namtaja hivi hivi tu, Dadi kala, Dadi kalala, na mama anaitikia, anauliza zaidi. Nusaiba alirudi jikoni, nikamsikia anapenga kamasi. Mimi niliendelea. Nilikuwa nimekuja ili mama anipate, na sasa sikutaka anyamaze.

Alasiri ile nzima nilikuwa na mume.