Kabari Laini

"Hii ni maiti," Kipara alitangaza, mkono juu ya mashine ya kukata nyasi. "Nahodha, toa ruhusa tuzike."

Jina la Kipara hakulipata kwa ajili ya kichwa chake, maana nywele zake zilikuwa kichaka kitupu. Alilipata kwa jinsi alivyokinyoa kiwanja cha mpira, kazi aliyoifanya kwa majigambo. Nahodha alikuwa mdogo wake wa kike, nahodha wa timu ya wasichana, na kamati ya timu ilikuwa imemtwisha zigo kwa maneno matamu: wewe ndiye unayewajua wachezaji, amua wewe. Fungu la pesa lilikuwa moja tu. Likinunua mashine mpya, viatu basi. Na beki wake wa kushoto alikuwa akicheza na kiatu kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Unaililia maiti, kaka, au unaililia ile mashine nyekundu uliyoiona dukani?"

"Zote mbili. Mimi ni mtu wa huzuni nyingi."

Akavuta kamba ya kuwashia kumwonyesha. Mashine ikampokonya kamba mkononi, ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Ndivyo ilivyokuwa tangu igonge jiwe. Na jiwe lenyewe alilizika Kipara. Mvua ilikuwa ikiifuta alama ya penalti kila msimu, naye akafukia jiwe bapa pale pale, alama isipotee tena. Alijisifu kwa hilo mpaka majirani wakamchoka. Kisha mvua ikala udongo, jiwe likachomoza kichwa ndani ya nyasi, na kisu cha mashine kikakutana nalo.

"Hata maiti huoshwa kabla ya kuzikwa," Nahodha alisema. "Lete spana."

Walianza na plagi, inayotoa cheche ya kuwashia injini. Kipara aliichomoa, akaigusisha kwenye chuma cha injini, akafunga mlango wa banda, akavuta kamba. Gizani ikaruka cheche ya buluu, ndogo kuliko punje ya mtama.

Nahodha alisahau kutania. "Haina betri hii. Moto unatoka wapi?"

Kipara akafungua mfuniko, akamwonyesha gurudumu zito lililo juu ya injini. Pembeni mwake ilikaa sumaku, na mbele ya sumaku palikuwa na waya mwembamba wa shaba uliosokotwa mizunguko isiyohesabika. "Sumaku ikipita hapa kwa kasi, cheche inazaliwa pale. Usiniulize kwa nini, mimi nilifundishwa kuvuta tu."

"Vuta tena."

Akavuta tena, na tena, ingawa hakuna aliyekuwa na haja ya kuhakikisha. Miaka yote Nahodha aliiita mashine hii Kikohozi. Sasa alichuchumaa mbele yake kwa adabu, kama mgeni aliyekuta wenye nyumba wanasali.

"Basi kama moto upo," alisema mwishowe, "kwa nini haiwaki?"

Walilegeza nati, wakang'oa gurudumu. Chini yake shafti, ule mhimili unaozungusha kisu, ilikuwa na mfereji mwembamba, na ndani ya gurudumu mfereji mwingine. Ilipaswa kutazamana, ikiunganishwa na kikabari kidogo. Kikabari kilikuwa kimekatika, nusu huku, nusu kule. Gurudumu lilikuwa limeteleza kidogo tu, na cheche ikawa inakuja wakati usio wake.

Kipara alikikwaruza kwa bisbisi, kikachubuka. "Ona ubahili huu. Chuma chote hiki, halafu wanafunga kwa kitu laini kama jibini. Ngoja nikate msumari, huo hautavunjika mpaka kiama."

"Subiri." Nahodha alipitisha kidole juu ya shafti. Haikuwa na hata mkwaruzo. Kisu kilisimama ghafla juu ya jiwe, gurudumu likataka kuendelea. Lazima mmoja angeumia. "Kaka, hiki kiliwekwa kivunjike. Ungekuwa msumari, ingepinda shafti, na hapo ndipo ungepata maiti yako."

Kipara alishusha msumari. Wakakitazama kile kipande. Mtu fulani, ambaye hakuwahi kukanyaga kiwanja chao, alikaa mahali fulani akaliwazia jiwe lao kabla halijafukiwa.

"Na alijua kuna wajinga kama mimi," Kipara alinong'ona.

"Alikujua kwa sura."

Walikata kipande kwenye mkono laini wa sufuria mbovu ya alumini, wakakisugua kwa tupa mpaka kikaingia mferejini bila kulazimishwa. Wakarudisha kila kitu. Kipara alivuta kamba, na mashine ikanguruma, mabati ya banda yakatetemeka.

"Viatu," Nahodha alipaza sauti juu ya mngurumo.

"Nimesikia," Kipara alijibu, akaisukuma nje kwa uso wa mfiwa.

Nahodha alibaki bandani. Aliokota ule mkono wa sufuria, akapima kwa jicho, akaanza kusugua kikabari kingine cha akiba, maana kile cha kwanza sasa kilikuwa kazini.