Nyimbo Alizozirudia Christa

Mashine ndogo ya muziki ya Christa ilikuwa ikiwaka dakika mbili tu, kisha inazimika. Katika dakika hizo Télesphore, baba yake, aliiona orodha: nyimbo ishirini na tano zilizosikilizwa zaidi. Mashine ilikuwa imezihesabu yenyewe, miaka yote binti yake akitembea nayo mfukoni.

Malaria ilimchukua Christa akiwa na miaka ishirini na miwili. Zilibaki wiki tano kufika siku ya kuganduka, siku ya kuondoa matanga, na Télesphore alitaka kitu kimoja: wageni wakishakaa uani pale nyumbani kwao Ngagara, zipigwe nyimbo alizozipenda mwanawe. Yeye hakuzijua. Alikuwa baba wa kuuliza matokeo ya mitihani.

"Andika hayo majina kwanza," mkewe Consolate alimwambia. "Hata matano tu."

"Ya nini kuandika nusunusu, Mama Christa? Ikipona tutasoma yote."

Fundi wa mjini alitaka nusu ya mshahara. Télesphore, mtunza stoo wa serikali, akaamua kuitengeneza mwenyewe. Aliagiza betri mpya, na kadi ya memori ya kushika nafasi ya diski iliyochoka. Vikaja na basi kutoka Dar es Salaam. Bisibisi nyembamba akaenda kuiazima kwa jirani yake Shakuru, fundi wa saa.

"We Télesphore! Mutu anaogopa kufungua kopo ya nyanya, leo unapasua mashine?"

"Niache, Shakuru. Mi nahamisha stoo tu. Vitu vinatoka rafu hii, vinaingia rafu ile."

"Haya, docteur. Isikufie mukononi." Shakuru alikwisha kusema ndipo akakumbuka anasema na nani. Akainamisha kichwa, akamwekea bisibisi kiganjani.

Jumapili nzima Télesphore alizihamishia nyimbo kwenye kompyuta ya Christa. Mashine ikiwa kwenye waya wa kompyuta haikuzimika, ila kioo chake kilionyesha alama moja tu ya kukataza kuichomoa. Jioni akaifungua, akatoa diski, akaweka kadi na betri, akazirudisha nyimbo zote. Ikawaka. Dakika mbili zikapita, tano, kumi. Nyimbo elfu moja mia moja arobaini na tatu, hakuna hata moja iliyopotea. Akamwita Consolate, akafungua orodha mbele yake.

Ilikuwa tupu.

Nyimbo zilikuwa zimehama, hesabu haikuhama. Akaing'oa kadi, akairudisha diski ya zamani. Ilikwaruza mara mbili, ikanyamaza. Akaitoa, akaiweka tena. Haikukwaruza hata kidogo.

Consolate hakusema "nilikuambia". Afadhali angesema. Alikaa kitako sakafuni, akaokota skrubu zilizotawanyika, moja moja, akamwekea kwenye kisahani.

"Kulikuwa na wimbo mmoja aliouimba akipiga pasi," alisema baadaye. "Maneno siyajui. Nikiusikia nitaujua."

Télesphore akairudisha kadi, wakaanza na wimbo wa kwanza, kila mmoja na waya sikioni. Kila jioni baada ya chakula.

"Huu?"

"Apana."

"Huu?"

"Apana. Lakini ngoja, urudishe. Ni muzuri."

Wakaurudisha. Ikawa hivyo siku nyingi: huu apana, huu apana, huu urudishe kidogo. Wa pasi hawakuupata. Juma la mwisho Télesphore alifungua orodha: nyimbo ishirini na tano zilikuwa zimejipanga, na hesabu zake. Akazisoma mara mbili kabla ya kuelewa. Ni zile walizozirudia wao wawili.

Siku ya kuganduka walipiga hizo. Watu walisikiliza kwa heshima, na shangazi mmoja akafuta macho, akamwinamia Consolate.

"Basi hizi ndizo alizozipenda mutoto wetu?"

Télesphore aliangalia chini. Consolate alimshika mkono mumewe.

"Zilikuwa ndani ya mashine yake," alijibu.