Chupa Zilizopasuka Masaka

Nyundo ilipogonga ukuta kwa mara ya tatu, Médiatrice aliiacha chupa nusu imezungushwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Munatingisha!" alipaza sauti. "Uchafu itapanda!"

Nyundo ikagonga tena. Chupa mia sita zilikuwa zimepachikwa kwenye mbao zenye matundu, shingo chini, kila moja na alama ya chaki kitakoni. Asubuhi na jioni alizizungusha moja moja, kidogo tu, ili mashapo ya mvinyo wa ndizi yateremke shingoni. Mkono ukizidi, mvinyo unaingia ukungu na kazi ya miezi inapotea bure. Vidole vyake vilijua kiasi.

Alitoka hadi uani akijifuta mikono. Ingrid, binti aliyeajiriwa kutengeneza matangazo, alikuwa akisimamia utundikaji wa kibao kirefu: Historia ya Ifuro. Ifuro ni povu, na ndilo jina la mvinyo wao. Saa tisa wageni wangefika kufungua chupa za kwanza za kwenda nje ya nchi.

Médiatrice alisoma polepole, midomo ikicheza. Historia ilianza na bosi, Clovis, kurudi kutoka masomoni Ulaya na ndoto yake. Akashuka mstari mmoja. "Majaribio ya kwanza yalipasuka mikononi mwake, lakini hakukata tamaa."

Akagusa kovu lililokuwa juu ya jicho lake la kushoto. Jamani! Hata kovu wamelichukua.

Maana zilipasuka kwake, hapa hapa Masaka, miaka kumi na moja iliyopita. Posa ya mpwa wake Christella ilisogezwa mbele siku mbili, na yeye, kwa kuogopa aibu ya kukosa pombe mbele ya wakwe, akaijaza urwagwa, pombe ya ndizi, kwenye chupa za bia kabla haijamaliza kuchacha, akaziba na kufunga vizibo kwa kamba. Usiku zikaanza kulipuka stoo. Alipoingia kuziokoa, kigae kikamchana. Zilizobaki ishirini ziliwekwa mezani kwa kubahatisha, zikatoa povu jeupe, na wakwe wakasahau hotuba. Clovis alikuwa miongoni mwa wageni. Kesho yake alirudi na pikipiki, akaketi jikoni kwake, akasema: "Mama, hii tuifanye sisi wawili."

Sisi wawili. Maneno hayo alikuwa ameyatunza kuliko hata mshahara.

Alimkuta Clovis akinyoosha tai.

"Bosi, nimesoma kibao. Jina yangu iko wapi?"

"Mama Arnaud, usianze leo. Kibao iko ya wageni."

"Na chupa zilipasukia nani?"

"Mama, stori lazima ikuwe fupi," Ingrid akadakia. "Ikiwa na watu wengi, wageni wanachoka."

"Watu wawili ni wengi?"

Clovis akashusha pumzi. "Tutaongeza kesho. Nakuapia."

"Kesho yako iko na miaka kumi na moja."

Clovis alimpa aproni mpya na sinia. Médiatrice akafikiria kuvitupa chini, lakini akavipokea. Na kwa kuvipokea akajichukia.

Wageni walifika, wakapiga picha mbele ya kibao, wakaketi. Clovis alizungumza vizuri; kuzungumza alikujua. Alipofika kwenye chupa zilizopasuka, akainua viganja vyake laini, na watu wakacheka kwa huruma. Médiatrice alimimina, glasi baada ya glasi, akiuma meno.

"Karibuni, tunywe!" Clovis akasema.

Mstari wa mbele, mzee Nsengiyumva, mkubwa wa wakulima wa ndizi, aliiweka glasi yake gotini.

"Nani amesogongera?"

Kwao kinywaji cha mgeni huonjwa kwanza na mwenye kukitoa, mgeni akiona. Swali hilo haliulizwi kwa ubaya. Ila Clovis alikuwa na vidonda vya tumbo, na mwaka wa nne sasa hakuwa amegusa tone. Kila pipa lilionjwa na Médiatrice. Yeye husema "tayari", na Clovis hutia saini.

"Mzee, hayo mambo iko ya zamani," Clovis alicheka.

"Rero, basi, nitangoja."

Aliyeketi kando yake naye akashusha glasi. Kisha wa nyuma yake. Uani kote mikono ikashuka, na kicheko cha Clovis kikabaki peke yake.

"Mama Arnaud! Njoo uonje. Haraka."

Akaja. Akamimina glasi ya mwisho, akaiinua hadi chini ya pua, akaisikia harufu ya ndizi aliyoijua kama ya nguo za mwanawe Arnaud. Kisha akaishusha.

"Nionje kama nani?"

"Nini?"

"Kibao inasema ni wewe ulitengeneza. Mimi nionje kama nani, bosi?"

Ingrid akainamia simu yake. Clovis alimtazama mzee, akakitazama kibao. Mzee Nsengiyumva aliiacha glasi gotini. Alikuwa na subira ya mtu aliyezoea kungoja mkungu ukomae.

Médiatrice alisimama, glasi mkononi, kidole gumba kikiizungusha kidogo kidogo bila mwenyewe kujua. Povu la juu likatua. Glasi arobaini zilibaki magotini, na ndani yake vipovu vilizidi kupanda, vidogo vidogo, vikipasuka kimya.